Gemu za Risasi za Miaka ya 1990: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Zikitajwa Doom, Quake au Duke Nukem 3D, hukumu huwa iko tayari mdomoni: zimepitwa na wakati, kuzicheza ni taabu, adui zake hawana akili, na kazi yote ni kufyatua mpaka kidole kichoke. Nazipenda gemu hizi na bado nazirudia. Kila nikizirudia naona kwamba hukumu nyingi zimetokana na kumbukumbu iliyofifia, au na programu ya kisasa ya kuziendeshea iliyopangwa ovyo. Gemu yenyewe mara chache ndiyo inayohukumiwa.

"Doom ndiyo ya kwanza ya aina yake"

Doom ilitoka tarehe 10 Desemba 1993. Kampuni ileile, id Software, ilikuwa imeshatoa Wolfenstein 3D Mei 1992, na watu walewale walikuwa wametengeneza Catacomb 3-D mwaka 1991. Kabla ya Wolfenstein, Machi 1992, ilitoka Ultima Underworld, ambayo tayari ilikuwa na sakafu za mteremko na ilikuruhusu kutazama juu na chini. Ukirudi nyuma zaidi utaikuta Maze War ya miaka ya 1970, ambamo wachezaji waliwindana ndani ya korido kupitia kompyuta zilizounganishwa. Sifa ya Doom iko kwingine: kasi, vyumba vya vimo mbalimbali, mwanga unaopungua kadiri unavyotazama mbali, na uamuzi wa kuweka ramani na picha katika faili la WAD lililotengwa na programu, ili yeyote aweze kutengeneza zake. Mwaka mmoja haukuisha kabla mchezaji mmoja, Justin Fisher, hajatoa Aliens TC, iliyoigeuza gemu nzima kuwa kitu kingine.

"Doom si 3D, ni ramani bapa tu"

Hii ni nusu kweli, na nusu iliyobaki ndiyo tamu. Ramani ya Doom huchorwa kama inavyoonekana kutoka juu. Kila eneo lina sakafu moja na dari moja, kwa hiyo huwezi kujenga chumba juu ya chumba, wala sakafu haiwezi kuinama. Hata hivyo vimo vyake si mapambo. Kombora likipita juu ya kichwa chako, limepita kweli. Ukitoka ukingoni unaanguka, na kidato chenye kimo cha zaidi ya vipimo 24 hukipandi.

Kasoro iko kwenye miili. Pepo, yaani adui wa Doom, akisimama chini ya genge, huwezi kupita hewani juu yake, kwa sababu programu humhesabu kana kwamba kimo chake hakina mwisho. Mlipuko wa roketi nao haujali kimo: unaweza kuumizwa na roketi iliyopasuka mbali chini yako, ukashangaa uhai wako umekwenda wapi. Vifo vingi ambavyo watu huviita uonevu vina sababu hii. Ukiijua, unaacha kusimama ukingoni.

Quake, iliyotoka Juni 1996, ndiyo iliyoondoa vizuizi hivyo: vyumba juu ya vyumba, na maadui waliojengwa kwa poligoni (vipande vyenye pembe vinavyounganishwa kuwa umbo) badala ya picha bapa.

"Sura yake ndiyo ile mbovu tunayoiona leo"

Ningeomba kila anayesema hivi akague kwanza mipangilio yake. Doom ilichorwa kwa pikseli 320 kwa 200, lakini vioo vya wakati ule vilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3. Picha ilinyooshwa kwenda juu hadi ijaze kioo, kwa hiyo kila pikseli ilikuwa ndefu kuliko upana wake kwa asilimia 20, na wachoraji walichora wakilijua hilo. Programu ya kisasa isiyofanya marekebisho hayo inakuonyesha mapepo mafupi yenye mabega mapana, na milango iliyobonyea. Tafuta sehemu ya kurekebisha uwiano, iwashe, kisha mtazame tena pepo yuleyule. Anarefuka na kutisha.

Mwanga nao huharibiwa hivyohivyo. Doom ya awali ina rangi 256 tu, na giza lake linatokana na jedwali lenye viwango 32 vya kuzififisha rangi hizo, moja baada ya nyingine. Kahawia ya ukutani inazama kwenye weusi kwa hatua zinazoonekana, na hatua hizo ndizo zinazokufanya usiuamini mwisho wa korido. Ukitumia kadi ya grafiki kulainisha kila kitu, giza linageuka ukungu wa kijivu na picha za maadui zinakuwa kama zimepakwa mafuta.

Quake iliteseka zaidi. GLQuake, toleo la Quake kwa ajili ya kadi za grafiki, lilipotoka mwaka 1997, watu walilishangilia kwa ulaini wake, lakini lilipoteza mwanga mkali kupita rangi ya kawaida ya ukuta, ule ambao toleo la awali lilikuwa nao. Waliojua Quake kupitia GLQuake peke yake wameiona ikiwa imefifia. Programu kama QuakeSpasm zinaurudisha mwanga huo, na kuzima kulainisha picha ni suala la mpangilio mmoja. Binafsi naona kulainisha picha za Doom na Quake ni kuzikosea heshima.

"Enzi zile ilikimbia laini bila kukwama"

Kumbukumbu ina huruma nyingi hapa. Doom ya awali haikuweza kupita fremu (picha) 35 kwa sekunde hata kwenye kompyuta bora, kwa kuwa mahesabu yake yote yalifungwa kwenye mapigo 35 kwa sekunde, nusu ya mara 70 ambazo kioo kilijichora upya. Wenye kompyuta dhaifu za 386 hawakuzifikia 35 hizo. Walipunguza ukubwa wa picha hadi ikawa dirisha dogo katikati ya kioo, au walibonyeza F5 kupunguza undani. Ulaini unaouona leo umeongezwa na programu za kisasa, ambazo hukisia picha za katikati ya mapigo mawili. Mimi huwasha ulaini huo bila kusita, maana mahesabu ya gemu hayaguswi.

"Hazikuwa na kipanya"

Doom ilikubali kipanya tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni kutazama juu na chini, na hakikuhitajika, kwa sababu risasi hujilenga yenyewe kwenda juu au chini ukishamweka adui mbele yako. Kinachowasumbua wanaorudi leo ni kwamba kukisukuma kipanya mbele kunamtembeza mhusika mbele. Zima hilo, weka herufi W, A, S na D za kutembelea, na taabu nyingi zinaisha. Marathon ya Bungie, mwaka 1994, tayari ilikuruhusu kutazama kila upande kwa kipanya. Quake nayo iliweza, ila ilikuja ikiwa imezimwa, na ulilazimika kuandika amri ya +mlook ili kuiwasha.

"Adui zake ni wajinga wanaokujia tu"

Hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Ni kweli pepo wa Doom hapangi mbinu. Lakini angalia kinachotokea ukifyatua risasi moja. Sauti yake husambaa kutoka eneo ulilosimama hadi kila eneo lililounganishwa nalo, ikipita kwenye uwazi na kukomea kwenye mlango uliofungwa. Mtengeneza ramani anaweza kuweka mistari ya kuizuia, na inahitajika miwili ili ikome kabisa. Kwa hiyo pepo wa chumba cha tatu ambaye hujawahi kumwona anaamka na kuanza kukutafuta, huku mwenzake aliyewekwa kuvizia anabaki kimya mpaka akuone kwa macho. Unaposhtukizwa mgongoni katika ramani nzuri, kuna mtu aliyeamua nani asikie na nani asisikie.

Kisha kuna ugomvi wao kwa wao. Pepo akipigwa na kombora la pepo wa aina nyingine, anakuacha wewe na kumgeukia aliyempiga. Makombora ya wa aina moja kwa kawaida hayadhuriani, hivyo kazi yako ni kusimama pale ambapo moto wa mmoja utampata jirani asiye wa kabila lake. Katika ramani ya 20 ya Doom II, mapepo wawili wakubwa, Cyberdemon na Spider Mastermind, wamewekwa pamoja makusudi ili wapambane. Mgeni hummiminia risasi kila mmoja hadi ziishe. Mzoefu huwachokoza, hurudi nyuma, huwaacha wamalizane, kisha humalizia aliyebaki.

"Matokeo yake ni bahati nasibu"

Namba za bahati za Doom hutoka kwenye orodha moja ya namba 256 zisizobadilika, zikisomwa kwa mpangilio uleule. Ukianza ramani ileile na kubonyeza vitufe vilevile kwa mapigo yaleyale, kila kitu kitatokea vilevile, hadi marisau ya mwisho. Ndiyo maana Doom iliweza kurekodi mchezo bila kurekodi video. Faili la rekodi lina vitufe tu: baiti 4 kwa kila pigo, yaani baiti 8,400 kwa dakika nzima. Kompyuta yako hupokea vitufe hivyo na kuucheza mchezo upya mbele ya macho yako. Kwa njia hii watu walianza kutumiana rekodi za mbio, yaani za kumaliza ramani kwa muda mfupi kabisa, tangu katikati ya miaka ya 1990, na hata leo rekodi hizo hukaguliwa hivyohivyo.

Mbio zenyewe zilizaa maarifa. Ukibonyeza mbele na pembeni kwa pamoja, kasi mbili zinajumlishwa na unakwenda kwa kasi zaidi ya kukimbia mbele tu, kwa zaidi ya robo. Baadhi ya mapengo kwenye ramani huvukwa kwa njia hiyo peke yake.

"Kuhifadhi mchezo kila mara ndiyo njia pekee ya kuzimaliza"

Nafasi za kuhifadhi zilikuwepo, hakuna haja ya kubishana. Ila ukifa bila kuhifadhi, Doom inakurudisha mwanzo wa ramani ileile ukiwa na bastola, risasi 50 na ngumi zako. Ramani za id zinamalizika kutoka hali hiyo. Jaribu kuanza kila ramani na bastola tu. Ghafla bunduki ya marisau iliyoachwa pembeni inakuwa na maana, na mahali ilipowekwa panajieleza. Mwenye kubeba silaha zote kutoka ramani iliyopita hapati nafasi ya kuuona mpangilio huo.

Tazama ramani ya kwanza kabisa, E1M1. Kutoka chumba cha kuanzia unaona kupitia dirisha ua wa nje, na deraya ya buluu imelala humo. Hakuna mlango wa kwenda huko. Unaendelea, unavuka ukumbi wenye njia ya zigizaga juu ya dimbwi la sumu, na ukikagua ukumbi huo vizuri unapata njia ya siri inayokutoa nje, hadi kwenye deraya ileile uliyoiona kwa dirishani. Ndani ya dakika chache umefundishwa kwamba unachokiona kinafikika, bila neno moja la maelekezo.

Kuhusu ugumu, ngazi za Hurt Me Plenty na Ultra-Violence hazitofautiani kwa nguvu ya vipigo. Tofauti ni idadi na aina ya maadui waliopangwa kwenye ramani. Ngazi ya Nightmare, iliyoongezwa baadaye, ndiyo inayowapa kasi na kuwafufua.

"Hazina hadithi"

Doom haina nyingi, sawa. Lakini gemu nyingine za enzi hiyo zilikuwa nazo: Marathon ilikuwa na hadithi ndefu iliyosomwa kwenye kompyuta za ndani ya meli. System Shock, mwaka huohuo wa 1994, ilikuacha uunganishe mkasa mzima kupitia kumbukumbu za watu waliokwisha kufa. Half-Life ya Novemba 1998 ilisimulia yote bila kukunyang'anya macho ya mhusika.

"Quake haina muziki"

Inao, umetungwa na Trent Reznor wa Nine Inch Nails. Ulikaa kwenye CD kama nyimbo za kawaida, hivyo nakala zilizochezwa bila CD zilikuwa kimya. Toleo jipya la 2021 limeurudisha. Muziki wa Doom nao ulihifadhiwa kama maagizo ya noti, na kadi ya sauti ndiyo iliyoamua utasikikaje. Watu wawili wanaweza kuukumbuka tofauti na wote wakawa sahihi.

"Ni za zamani, kwa hiyo ni bure"

Msimbo wa Doom, yaani maandishi ya programu yake, ulitolewa hadharani Desemba 1997 na kuwekwa chini ya leseni huria ya GPL mwaka 1999, na wa Quake ukafuata mwishoni mwa mwaka huohuo. Ndiyo sababu gemu hizi zinafanya kazi karibu kila mahali leo. Lakini ramani, picha na sauti bado ni mali ya wenyewe, na faili kamili la WAD hununuliwa. Kinachogawiwa bure kihalali ni sehemu ya kwanza ya Doom, yenye ramani tisa, ambayo tangu mwanzo ilitolewa ili watu wapeane. Freedoom nayo ni mradi uliotengeneza ramani, picha na sauti zake huria kuanzia mwanzo.

Kwa anayetaka hali ya mwaka 1993 kama ilivyokuwa, programu ya Chocolate Doom inaiga hata makosa yake. Anayetaka fremu zaidi na picha iliyo kali kidogo achukue Crispy Doom, na GZDoom inawafaa wanaotaka kupanua kila kitu. Ramani mpya hazijakauka: John Romero mwenyewe, mmoja wa waliotengeneza Doom, alitoa SIGIL mwaka 2019 na SIGIL II tarehe 10 Desemba 2023, miaka 30 kamili baada ya Doom, na zote mbili zinamalizika ukianza na bastola.