Sahani ya nyanya mwenye kansere imetengwa

Kwenye dirisha la labo yetu hapa Bukavu watu wanakuja kuchukua karatasi ya majibu. Wengi wanauliza bei ya dawa, au kama mgonjwa atapona. Kuna swali lingine ambalo husubiri mpaka watu wa nyuma waondoke, kisha linaulizwa kwa sauti ya chini: "Dokta, hii inaambukiza?"

Wa mwisho kuniuliza alikuwa msichana wa Kadutu, amekuja kwa ajili ya nyanya yake mwenye kansere ya titi. Nyumbani wamemtengea sahani, kikombe na bidoni la maji. Wajukuu waliokuwa wanalala naye wamehamishwa. Nguo zake zinafuliwa peke yake. Hakuna aliyemwambia sababu, lakini mama huyo si mtoto, ameelewa, na siku hizi anasema ameshiba hata kabla fufu haijapikwa.

Siwezi kuwacheka. Sisi watu wa Kivu tumefundishwa na magonjwa. Kipindupindu kinarudi kila mara. Mwaka 2019 Ebola ilifika Goma, ikafika na huku kwetu Mwenga, tukanawa mikono kwenye kila mlango na kusalimiana kwa viwiko. Mwaka 2023 na 2024 ikawa mpox, kuanzia Kamituga. Kila mara tuliambiwa tusigusane, na kwa magonjwa hayo ilikuwa kweli. Kansere tumeiweka kwenye kundi hilohilo, na haimo.

Kazi yangu ni kusoma nyama. Daktari wa upasuaji akikata kipande cha uvimbe, kinanijia ndani ya formoli, maji ya dawa yanayozuia nyama isioze. Ninakikata, kinapitishwa kwenye nta ya parafini, kinachanjwa vipande vyembamba kuliko karatasi, kinatiwa rangi, halafu ninakitazama kwa darubini. Nimeshika vivimbe vya kila aina kwa miaka, na nikitoka kazini ninakula na watoto wangu kwenye sahani moja. Glavu ninavaa, ndiyo. Ninazivaa kwa sababu ya hepatiti (ugonjwa wa ini), Sida, kifua kikuu, na hiyo formoli yenyewe inayochoma macho. Kwa ajili ya kansere nisingezihitaji.

Kile ninachokiona kwenye darubini si mdudu aliyetoka nje. Ni seli za mgonjwa mwenyewe, zilizozaliwa mwilini mwake, ambazo zimekataa kuacha kugawanyika. Seli ya mama huyu ikianguka kwenye kidonda chako, kwako ni mgeni asiye na kitambulisho. Askari wa mwili wako wataiua. Fikiria mtu anayepewa figo ya ndugu yake: madaktari wanaitaka ile figo ikae, mgonjwa anaitaka, na bado lazima anywe dawa kila siku ili mwili wake usiikatae. Sasa seli chache kwenye mate au jasho zitafanya nini?

Hili lilijaribiwa zamani sana. Mwaka 1808, kwenye hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, daktari Jean-Louis Alibert alijidunga maji yaliyotoka kwenye kansere ya titi, na wanafunzi wake wakafanya vilevile. Walivimba walipodungwa, basi. (Leo ukifanya hivyo utafukuzwa kazi, na ni haki.)

Zipo hali chache sana ambapo seli zenyewe zilihama. Mtu aliyepandikizwa kiungo chenye kansere isiyojulikana, kwa sababu kinga yake imelazwa na dawa. Mama mjamzito na mtoto aliye tumboni, kisa cha nadra mno. Daktari wa upasuaji huko Ujerumani aliyejikata mkono akimpasua mgonjwa, habari yake ikaandikwa 1996. Kama kisa kimoja cha daktari mmoja kinatosha kuandikwa kwenye jarida kubwa la dunia, mwenyewe pima ni jambo la kawaida kiasi gani. Kwa wanyama ni tofauti: mbwa wana uvimbe wa sehemu za siri unaopita wanapopandana, lakini hauji kwa binadamu.

"Lakini Dokta, nyumba moja wamekufa watatu kwa kansere!" Hilo nalo ninaambiwa, na mara nyingi ni kweli.

Watu wa nyumba moja wanashirikiana mambo mengi. Wanashirikiana damu: kati ya kansere 100, kama 5 hadi 10 zinatokana na kasoro ya kurithi, mfano kwenye jeni ziitwazo BRCA1 na BRCA2 kwa titi na ovari, na kasoro hiyo inaweza kupitia kwa baba pia. Wanashirikiana jiko, moshi wa sigara wa mzee, na karanga zilizoota ukungu ambazo mama anaona hasara kuzitupa. Sumu ya ukungu ule, aflatoksini, haitoki kwa kupika, na inaharibu ini. Ukiitenga sahani ya mgonjwa, halafu mkaendelea kusaga karanga hizo kwa ajili ya sombe, mmejikinga na nini?

Na wanashirikiana virusi. Hapa ndipo maneno yanachanganyika, kwa hiyo nitaenda polepole. Kansere haiambukizi, lakini baadhi ya vijidudu vinavyoweza kuileta vinaambukiza.

Chukua kansere ya shingo ya kizazi, ambayo karibu yote inatokana na virusi vya HPV. Aina mbili tu, 16 na 18, zinabeba kama asilimia 70. Vinapita kwa kujamiiana, na karibu kila mtu mwenye maisha ya ndoa amewahi kuvipata. Kwa wengi mwili unavifuta wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache vinabaki, na kutoka hapo mpaka kansere ni miaka 15 hadi 20, au 5 hadi 10 kama kinga ni dhaifu, kwa mfano mwenye Sida asiyetibiwa.

Ninaisisitiza miaka hiyo kwa sababu nimeona ndoa zikivunjika kwenye korido. Mume anasoma karatasi, anauliza mke "umeitoa wapi?", na wakwe wanakaa kikao. Karatasi yangu haiwezi kujibu hilo. Virusi vinaweza kuwa viliingia kabla hawajajuana, au mume ndiye aliyevileta bila kuhisi chochote. Na kama wameishi pamoja miaka 20, kumhamishia mama chumba kingine leo hakumkingi mume na kitu. Afadhali binti zake wapate chanjo kabla ya kuanza mambo ya wanaume, na dada zake wapimwe shingo ya kizazi. Hata wakitumia siki tu, muuguzi aliyefunzwa anaweza kuona doa jeupe linaloonya mapema.

Hepatiti B ina hatari zaidi ndani ya nyumba, kwa sababu inapita kwa damu na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Mtoto mchanga akiipata, uwezekano wa kubaki nayo maisha yote ni kama asilimia 95. Mtu mzima, chini ya 5. Kwa hiyo mgonjwa wa kansere ya ini akiwa na hepatiti B, mke na watoto wapimwe, na msishirikiane wembe wala mswaki. Sahani shirikianeni tu. Watoto wetu wanapewa chanjo yake ndani ya ile ya pentavalenti, sindano moja ya kukinga magonjwa matano, wiki ya 6, 10 na 14. Angalieni kadi.

Narudi kwa yule nyanya. Titi lake lina kidonda, na kidonda kinanuka, na nafikiri harufu ndiyo iliyowafukuza wajukuu. Harufu hiyo inatoka kwa bakteria wanaokula nyama iliyokufa. Haibebi kansere. Muuguzi anaweza kuipunguza sana kwa kusafisha na kupaka metronidazole iliyosagwa. Mwanzoni hakuna aliyewaambia hilo, na lawama hiyo ni yetu sisi wenye koti jeupe.

Tahadhari ya kweli inakuja akianza kemoterapi, zile dawa kali za kuua kansere. Kwa siku 2 hivi baada ya kila dripu, dawa inatoka kwenye mkojo na matapishi, basi anayesafisha avae glavu, na nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Ni kwa sababu ya dawa, siku hizo tu. Anayenyonyesha asinyonyeshe akiwa kwenye dawa hizo. Waliotoka Kigali kwa mionzi ya mashine hawabaki na mionzi mwilini, mpeni hata mtoto ambebe.

Na katika kipindi chote cha kemoterapi kinga ya mgonjwa inashuka, kwa hiyo mwenye mafua ndiye akae mbali na kitanda, na wengine wanawe mikono kabla ya kumkaribia. Yule msichana aliposikia hivyo alicheka, akaniuliza: "Basi ni sisi ndio tutamwambukiza?" Ndiyo. Akaniomba nimwandikie kwenye karatasi, maana shangazi zake hawatamwamini.