Huyu ni mbu gani? Maswali na majibu ya kumtambua mbu nyumbani kwako

Kila ninapokwenda mtaani kutoa elimu ya malaria, hakosi mtu wa kunijia na mbu ndani ya kikopo au aliyebanwa kwenye karatasi, akiuliza, "Mtaalamu, huyu ndiye?" Nalipenda swali hilo, maana anayeuliza hivyo ameshaanza kuwatazama mbu badala ya kuwapiga tu. Haya hapa ni maswali yanayojirudia.

Mbu wa malaria nitamjuaje?

Mmulike kwa tochi alfajiri angali ametulia ukutani. Mbu wa malaria, yaani anofelesi, akitua huinamisha kichwa na kuinua mkia, kama aliyesujudu. Mrija, kichwa na tumbo lake hunyooka mstari mmoja. Kuleksi, yule wa kahawia wa kwenye mitaro na mashimo ya vyoo, hukaa sambamba na ukuta na mgongo wake una kibiongo. Aedesi ni mweusi mwenye madoa meupe na pete nyeupe miguuni, na huyu hang'ati gizani kama wenzake. Utamkuta mchana kweupe akizunguka vifundo vya miguu yako.

Lakini mkao pekee unaweza kukuhadaa, hasa mwanga ukiwa hafifu. Mfunike kwa glasi, pitisha karatasi chini yake, kisha mwache kwenye friza mpaka afe bila kuvunjika. Sasa chukua lenzi ya kukuzia utazame kichwani. Pembeni mwa mrija wa kunyonyea kuna vijiti viwili. Kwa jike la anofelesi vijiti hivyo vina urefu sawa na mrija wenyewe, utadhani ana mirija mitatu. Kwa jike la kuleksi au aedesi ni vifupi mno. Hiyo ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote. Tazama na mabawa: anofelesi wetu wengi wana mabaka meusi na meupe kwenye ukingo wa mbele, ilhali ya kuleksi hayana.

Ukiona vipapasio, yaani zile nyuzi mbili za kichwani, vina manyoya mengi kama brashi, huyo ni dume. Dume hang'ati mtu.

Anayelia sikioni usiku ndiye mwenye malaria?

Hapana. Sauti ni ya mabawa, na kila mbu anayo. Mijini anayekunyima usingizi mara nyingi ni kuleksi, ambaye naye si wa kudharau: kwetu pwani ndiye anayeeneza matende na mabusha.

Nikishajua ni anofelesi, naweza kujua ni wa aina gani?

Hapa ndipo macho yanapofika mwisho. *Anopheles funestus* unaweza kumtenga: ni mdogo, mweusi, na miguu yake haina madoadoa. *Anopheles gambiae* ana miguu yenye madoadoa. Tatizo ni kwamba hilo jina *gambiae* limebeba ukoo mzima wa ndugu wanaofanana kama mapacha. Wamo *gambiae* mwenyewe, *arabiensis*, *coluzzii*, *merus* wa maji ya chumvi karibu na mikoko, *quadriannulatus* na wengineo. Hata bingwa mwenye darubini hawezi kumtofautisha *gambiae* na *arabiensis* kwa kuwatazama.

Zamani watafiti waliwajua kwa matendo yao. Waliwapandisha, kisha wakaangalia watoto: ndugu hawa wakichanganyika, madume yanayozaliwa mara nyingi huwa tasa, kama farasi na punda wanavyozaa nyumbu asiyezaa. Wale wa pwani walijulikana kwa viluwiluwi wao kuhimili maji ya chumvi. Tangu 1993 kuna kipimo cha vinasaba, na mguu mmoja wa mbu unatosha kumtaja jina.

Kama wote ni wa malaria, kuna haja gani ya kuwatenganisha?

Haja kubwa, kwa sababu wanafanana sura tu, tabia kila mmoja na yake. *Gambiae* hupenda damu ya mtu, tena ndani ya nyumba, usiku wa manane. Neti yenye dawa humkuta pale pale. *Arabiensis* hula ng'ombe vilevile, na huweza kumng'ata mtu nje, saa za jioni watu wakiwa bado wanapika na kupiga soga. *Quadriannulatus* hupenda wanyama na hahesabiwi kuwa mwenezaji wa malaria kwa watu. Ukiwaweka wote kapu moja, utahesabu mbu wengi na usijue kama kazi yako imefaulu.

Ilitokea hapa kwetu. Miaka ya 1950, katika mradi wa Pare na Taveta, nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrin. *Funestus* akatoweka majumbani. Kisha huko Upare Kusini wakaonekana tena mbu wanaofanana naye, na ungeweza kusema dawa imeshindwa. Walipochunguzwa vizuri, walikuwa *Anopheles rivulorum*, ndugu yake anayependelea ng'ombe. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake.

Nasikia kuna mbu mgeni wa malaria wa mjini. Ni kweli?

Ni kweli. *Anopheles stephensi* ametoka Asia. Alionekana Djibouti 2012, Ethiopia 2016, na Kenya akagunduliwa Marsabit mwishoni mwa 2022. Ananitia wasiwasi kwa sababu hazai madimbwini tu. Huzaa kwenye mapipa na matangi ya maji, katikati ya mji. Miguu yake nayo ina madoadoa, hivyo ni rahisi kumwita *gambiae*. Tazama vile vijiti vya kichwani: vyake vina pete mbili pana nyeupe nchani, na vitone vyeupe nyuma yake. Ukimshuku, mhifadhi akiwa mkavu umpelekee afisa afya.

Na wale weusi wenye pete, wote ni wa dengi?

Tazama mgongoni. *Aedes aegypti* ana mistari myeupe iliyopinda kama umbo la kinubi. *Aedes albopictus* ana mstari mmoja mweupe ulionyooka katikati. Wote wawili hueneza dengi na chikungunya. Jina chikungunya ni la Kimakonde, linaeleza mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Lilitoka kwenye mlipuko wa 1952–53 kwenye uwanda wa Makonde.

Mtoto ana homa, lakini nyumbani nimeona kuleksi tu. Nisubiri?

Usisubiri hata kidogo. Mbu uliyemwona si lazima awe ndiye aliyemng'ata. Mpeleke akapimwe leo.

Je, viluwiluwi waliomo kwenye pipa langu ni wa mbu gani?

Chota kwa bakuli jeupe, utulie. Wanaolala bapa juu ya maji ni anofelesi. Wanaoning'inia kichwa chini wana bomba la kupumulia mkiani: refu na jembamba ni kuleksi, fupi na nene ni aedesi. Ukikuta aedesi, kumwaga maji hakutoshi. Mayai yake hugandishwa ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja mvua. Sugua kuta hizo kwa brashi ngumu kila wiki, kisha ufunike.