Nitrojeni imekwenda wapi huko juu?

Kila aliyesoma sayansi shuleni anajua hewa ni nitrojeni asilimia 78 na oksijeni 21. Hapo ndipo inapozaliwa dhana ninayokutana nayo kila mara: kwamba ionosfia, lile tabaka lenye chaji za umeme linaloanza kama kilomita 60 juu yetu, nalo limejaa ioni za nitrojeni. (Ioni hapa ni atomu au molekuli iliyopoteza elektroni.)

Sivyo kabisa. Kwenye kilomita 300, ioni inayotawala ni ya oksijeni, tena atomu mojamoja, tofauti na molekuli za atomu mbili tunazovuta puani. Chini zaidi, kilomita 100 hadi 150, zinatawala ioni za molekuli ya oksijeni na za NO, yaani nitrojeni moja na oksijeni moja. Juu kabisa hidrojeni inashika nafasi.

Jua huipiga nitrojeni kweli, na ioni zake huzaliwa mchana kutwa. Ila hazidumu. Ioni ya molekuli ya nitrojeni ikigusana na atomu ya oksijeni hugeuka kuwa ioni ya NO. Ikikutana na elektroni huvunjika. Ioni ya atomu ya oksijeni haina njia ya haraka ya kuungana na elektroni, ndiyo maana utaikuta hata usiku. Mimi naona hili ndilo jambo tamu kuliko yote katika somo hili: wingi wa ioni unaamuliwa zaidi na nani anachelewa kufa.

Tumejuaje? Wengi hudhani setilaiti hupiga picha tu. Sputnik 3, iliyorushwa Mei 1958, ilibeba chombo cha kuchambua ioni kwa uzito, mithili ya chekeche: 16 ni atomu ya oksijeni, 30 ni NO, 32 ni molekuli ya oksijeni. Setilaiti tatu za Ulaya za Swarm, zilizorushwa 2013, hupima hasa sumaku ya dunia, na pia wingi wa elektroni. Aina za ioni hazipimwi kila mahali kila saa, kwa hiyo modeli, yaani makadirio ya kihesabu, huziba mapengo.

Na modeli si ramli. IRI, modeli ya kimataifa ya ionosfia inayoendelezwa na COSPAR na URSI (mashirika ya kimataifa ya utafiti wa anga na wa sayansi ya redio) tangu miaka ya 1960, imejengwa juu ya vipimo halisi. Ila hutoa hasa hali ya kawaida kwa mwezi mzima wa kalenda; ukiiuliza kuhusu Jumanne ya dhoruba ya jua, itakupa kitu kilicho karibu zaidi na Jumanne ya kawaida.

Dhana ya mwisho inatugusa wenyewe: eti haya ni mambo ya ncha za dunia. Ikweta ya sumaku, mstari ambapo nguvu ya sumaku ya dunia hulala mlalo, inapita Ethiopia. Mchana, chaji huinuliwa pale, kisha huteremka pande mbili, kaskazini na kusini, kama maji ya chemchemi. Rundo la kusini hutuangukia sisi, pwani ya Kenya na Tanzania. Chaji hizi huchelewesha mawimbi ya GPS; simu ya kawaida hupokea namba nane za kusahihisha ucheleweshaji huo, nazo huondoa takriban nusu ya kosa. Machi 1988, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, Waitaliano na Wamarekani walirusha setilaiti kuichunguza anga hii hii ya ikweta.