Chumvi, siki na dafu: maswali kuhusu elektroliti

Masika yakiingia Unguja na Pemba, hofu ya maradhi ya kuharisha huja nayo, na maswali kuhusu maji ya chumvi na sukari huwa hayaishi. Tujibu machache.

Elektroliti ni kitu gani?

Ni kitu ambacho kikiyeyuka majini hugawanyika kuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Ayoni za sodiamu na potasiamu ndizo zinazowezesha moyo kupiga na misuli kukaza. Sukari huyeyuka bila kutoa ayoni, kwa hiyo si elektroliti.

Elektroliti kali na dhaifu zinatofautiana wapi?

Katika kiasi kinachogawanyika. Chumvi ukiitia majini, sodiamu na kloraidi huachana karibu zote: hiyo ni kali. Siki ya kwenye achari sivyo. Asidi yake ya asetiki, ikiwa moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha wingi wa chembe), ni molekuli kama 1 tu kati ya 100 inayogawanyika. Nyingine hubaki nzima. Ndimu nayo ni dhaifu, ingawa ulimi hauamini. Lakini dhaifu zisidharauliwe: asidi ya kaboniki katika damu ni dhaifu, na ikishirikiana na baikaboneti, ayoni itokanayo nayo, husaidia kuiweka pH ya damu, yaani kipimo cha uasidi wake, kati ya 7.35 na 7.45.

Mtoto anaharisha. Nikizidisha chumvi si atapata nafuu haraka?

Hapana, tafadhali usifanye hivyo. Ukali wa chumvi hautokani na wingi wake: hugawanyika hata ikiwa punje chache kwenye ndoo nzima. Ukiizidisha unaongeza sodiamu tu. Sodiamu ikizidi katika damu huvuta maji kutoka kwenye seli, hata za ubongo, na mtoto anaweza kupata degedege. Tumia pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha, kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, changanya maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai. Kijiko kisiwe na kichuguu: kipitishie mgongo wa kisu juu. Sukari hiyo haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Utumbo hupokea sodiamu pamoja na glukosi, sukari rahisi itokanayo na sukari hiyo, na maji huzifuata.

Dafu halitoshi?

Lina potasiamu nyingi, sodiamu kidogo, na anayeharisha hupoteza sodiamu nyingi. Basi liwe nyongeza, si badala ya ORS. Macho yakididimia, akishindwa kunywa, au choo kikiwa kama maji ya mchele, mpeleke kituo cha afya mara moja, na kama anaweza kumeza, mnyweshe kidogokidogo njiani.