Hundi hewa ni nini, na inamnasaje mwenye duka?

Hundi hewa ni hundi isiyo na kitu nyuma yake. Akaunti haina fedha, au ilishafungwa, au kijitabu kiliibwa, au karatasi yenyewe imechapishwa vichochoroni. Ukiishika mkononi huoni tofauti: nembo ya benki ipo, saini ipo. Kwa hiyo kuigeuzageuza kwenye mwanga kunasaidia kidogo tu.

Mtego uko kwenye muda. Chukua mwenye duka la vifaa vya ujenzi, tuseme Thika. Ijumaa alasiri anapigiwa simu na mteja mgeni anayetaka mifuko 200 ya saruji pamoja na mabati. Habishani bei. (Mteja mgeni asiyeomba apunguziwe hata shilingi mia hunitia wasiwasi kuliko mkopaji.) Baadaye anatuma picha ya stakabadhi yenye mhuri: ameweka hundi ya shilingi 340,000 kwenye akaunti ya duka. Mwenye duka anatazama simu, salio limepanda kweli. Lori linakuja, linapakia, linaondoka. Jumanne hundi inarudi bila kulipwa, na salio linashuka pale pale lilipokuwa.

Alichokiona ni fedha ambazo benki imeziandika tu, haijazipokea. Swali la kumuuliza karani si "hundi imeingia?" bali "naweza kuzitoa hizo pesa leo?" Kenya, hundi ya benki nyingine huchukua siku moja au mbili za kazi kupita, ingawa tangu 2011 kinachosafiri ni picha yake, karatasi ikibaki pale ilipowekwa. Ijumaa hupendwa na matapeli kwa sababu wikendi huwarefushia muda huo bure. Stakabadhi nayo inathibitisha jambo moja tu, kwamba kuna mtu alipeleka karatasi benki.

Dada wa mtego huu ni hundi inayozidi bei. Mteja "anakosea", anaandika 180,000 badala ya 80,000, kisha anakuomba kwa upole umrudishie laki moja kwa M-Pesa. Hela ya simu inafika papo hapo, hundi bado iko njiani. Na hundi ya benki, ile inayotolewa na benki yenyewe, isikulaze usingizi: nayo hughushiwa. Piga simu tawi lililoitoa, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye hundi. Jua pia kwamba tangu Oktoba 2009 malipo ya kuanzia shilingi milioni moja kati ya benki mbili hayapitii kwa hundi, hupitia RTGS, mfumo wa benki kutumiana fedha moja kwa moja. Anayekuletea hundi ya milioni na nusu ya benki nyingine ana maswali ya kujibu.

Sheria ipo. Kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kuwa kosa kutoa hundi kwenye akaunti isiyo na fedha za kutosha. Lakini kwa upungufu huo wa fedha, hakigusi hundi iliyoandikwa tarehe ya mbele, na hiyo ndiyo wafanyabiashara wengi hupokea kama dhamana.

Upande wa pili ni kijitabu chako mwenyewe. Mwizi wa ndani hachani karatasi ya juu. Huchomoa moja kutoka mwisho, nawe utagundua miezi miwili baadaye. Hesabu karatasi siku unapokipokea, na usiache hata moja imetiwa saini tupu kwa sababu unasafiri. Anza kuandika kiasi ukingoni kabisa kushoto, kisha piga mstari nafasi iliyobaki, maana "elfu nane" yenye nafasi mbele hugeuka "laki moja na elfu nane" kwa kalamu inayofanana. Piga mistari miwili sambamba kwenye kona, ili hundi iwekwe kwenye akaunti tu, isilipwe taslimu dirishani. Anayeandika hundi asiwe ndiye anayelinganisha taarifa ya benki. Na laini ambayo benki huipigia kuthibitisha hundi kubwa ikikata mtandao ghafla mchana, huenda tapeli ameihamishia kwenye simu yake: nenda benki kwanza, duka la simu baadaye.