Barabara tulivu za milimani kwa baiskeli: yanayosemwa na yalivyo

"Barabara nyembamba kwenye ramani ndiyo yenye utulivu"

Si lazima. Utulivu hauletwi na wembamba wa barabara. Unategemea kama magari yana sababu ya kupita hapo. Kijia kinachokatiza kati ya miji miwili huwa njia ya mkato ya wanaokwepa foleni, na asubuhi na jioni madereva hukipita mbio kwa kuwa wanaijua kila kona yake. Njia inayoishia kwenye machimbo ya kokoto hujaa malori siku za kazi, ilhali Jumapili huenda usikute hata moja.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: nani ana haja ya kupita hapa, na je, ana njia nyingine ya haraka zaidi? Ndiyo maana barabara tamu kuliko zote mara nyingi ni ile ya zamani, iliyopoteza magari yake baada ya handaki au barabara kuu kujengwa. Mfano ni Gotthard, Uswisi. Handaki la magari lilifunguliwa mwaka 1980, na tangu hapo wenye haraka hupita chini ya mlima. Wachache wanaopanda wana barabara mpya juu, na upande wa kusini imebaki Tremola, njia ya mawe yenye kona 24 za kujikunja. Lakini siku handaki likifungwa au foleni yake ikiwa ndefu, magari hurudi mlimani, basi angalia taarifa za handaki kabla ya kutoka.

Kwenye ramani, tafuta barabara mbili zinazounganisha sehemu zile zile. Mpya huwa imenyooka na ina madaraja. Ya zamani hujipindapinda ikifuata ubavu wa mlima. Kisha fungua picha za setilaiti uone kilichopo mwishoni: machimbo, kiwanda cha mbao, bwawa, hoteli kubwa. Ramani zinazoonyesha mahali waendesha baiskeli wanapopita kwa wingi husaidia kidogo tu. Zinakuonyesha baiskeli zilipo. Kuhusu magari hazisemi lolote.

"Wastani wa asilimia 6 hauogopeshi"

Asilimia 6 ni kupanda mita 60 kwa kila kilomita. Mlima wa kilomita 10 unaopanda mita 600 unaweza kuwa umepanda hivyo taratibu mwanzo hadi mwisho. Unaweza pia kuwa na kilomita 4 za asilimia 9, kisha 3 za tambarare, kisha 3 za asilimia 8. Wastani ni ule ule, ila miguu haitakuelewa ukiiambia hivyo. Tena kuna milima inayoteremka njiani kabla ya kupanda upya, kama Croix de Fer ya Ufaransa ukitokea Allemont. Mteremko huo hushusha wastani bila kukupunguzia kazi hata kidogo. Soma mchoro wa mwinuko kilomita kwa kilomita, na utafute kilomita ngumu kuliko zote. Hiyo ndiyo itakayokuchagulia gia.

Jumla ya mita za kupanda nayo usiiamini sana. Programu hupima kwa kutumia ramani ya kimo cha ardhi. Pale barabara inapopita ndani ya handaki, juu ya daraja au kando ya genge, kipimo huchukua kimo cha mlima au cha bonde, na hivyo unahesabiwa vilima ambavyo hukupanda. Ukiona mwiba mkali kwenye mchoro, hasa unaodai asilimia 25 kwenye barabara kuu, linganisha na ramani kwanza.

"Gia nyepesi ni za wanaoanza"

Hapa hesabu inatosha. Mwendeshaji na baiskeli yake wenye jumla ya kilo 80 wanahitaji karibu wati 130 kupanda asilimia 8 kwa kilomita 7 kwa saa. Kwa kasi hiyo, gia ya mbele yenye meno 34 na ya nyuma yenye meno 28 itakulazimu ukanyage kama mizunguko 46 kwa dakika. Ukiweka meno 34 nyuma unafika 56. Mbele 30 na nyuma 36 unafika 67. Nguvu ni ile ile. Kinachobadilika ni uzito wa kila mkanyago, na magoti ndiyo yanayoubeba kwa saa nzima.

Ukibadilisha gia za nyuma kwa kubwa zaidi, hakikisha kibadilisha gia kinazimudu na mnyororo unatosha ukiwa kwenye gia kubwa mbele na nyuma kwa pamoja. Kisha kagua skrubu ya kikomo cha ndani. Ikiwa imelegea, au kishikilio cha kibadilisha gia kimepinda kidogo baada ya baiskeli kuanguka, mnyororo utaruka gia ya mwisho na kuingia kwenye spoku, tena wakati ule ule unapoihitaji gia hiyo na unasukuma kwa nguvu zote. Ijaribu nyumbani gurudumu likiwa juu.

"Baiskeli nyepesi ndiyo siri ya mlima"

Kilo moja katika jumla ya kilo 80 ni asilimia 1.25. Kwenye mlima wa saa nzima, unaokoa kama sekunde 45. Koti uliloliacha nyumbani ili kupunguza gramu 150 litakugharimu zaidi ya hapo utakapoanza kushuka.

"Ukishuka, bana breki kidogo kidogo muda wote"

Huu ndio ushauri wenye hatari kubwa kuliko yote. Kilo 80 zikishuka mita 500 huachia karibu kilojuli 390, joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji. Lazima liende mahali. Ukishuka asilimia 8 kwa kilomita 20 kwa saa, hewa inabeba sehemu ndogo sana, na breki zinabaki na karibu wati 300 mfululizo bila kupumzika. Ukiiachia baiskeli hadi kilomita 50 kwa saa kwenye sehemu iliyonyooka na inayoonekana vizuri, zaidi ya nusu ya kazi inafanywa na upepo.

Kinachoharibika hutegemea breki. Kwenye breki za rimu, joto hupita kwenye rimu hadi kwenye tyubu, ambayo inaweza kupasuka. Rimu za kaboni zinaweza kulainika na kuharibika. Kwenye diski, pedi hung'aa na kupoteza mkwaruzo, na mafuta ya breki ya zamani yaliyonyonya maji huchemka hadi mkono wa breki unagusa usukani bila kushika kitu.

Shika sehemu ya chini ya usukani. Bana breki zote mbili kwa nguvu kabla ya kona, baiskeli ikiwa wima, kisha ziachie kabla ya kuilaza baiskeli kwenye kona. Kanyagio la nje liwe chini na ulilemee. Rimu zikiwa na maji, mizunguko ya kwanza ya gurudumu inafuta maji tu, kwa hiyo anza mapema. Ukisikia harufu ya kuungua, simama dakika kumi, na usiguse diski. Pedi za diski zilizobaki na unene chini ya milimita 1 hazifai kupanda nazo mlima wowote.

"Tairi jembamba lililojaa sana huenda kasi"

Kwenye lami laini ya uwanjani, pengine. Lami ya milimani imechanwa na barafu na mvua, na tairi gumu hurukaruka juu yake na kupoteza nguvu. Kwa mtu wa kilo 75, tairi la milimita 32 lenye psi (kipimo cha shinikizo la hewa) 55 hadi 60 ni pa kuanzia. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo, si pendekezo.

"Kukiwa na jua bondeni, juu pia ni sawa"

Halijoto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila mita 1,000. Ukiwa na nyuzi 22 chini, mita 1,200 juu zaidi utakuta kama 14, nawe umelowa jasho. Vaa koti na glavu mara tu unapofika, kabla mwili haujapoa. Vidole vilivyokufa ganzi havibani breki. Siku za jua, mchana upepo huvuma kupanda bonde, kwa hiyo alasiri unaporudi unaukuta usoni, hata kama unashuka. Anza asubuhi na uweke sehemu ndefu ya bonde mwanzoni.

"Barabara haina magari, basi ni yangu yote"

Gari moja kwa saa ndilo linalokutana nawe ukiwa umesahau kuwa magari yapo. Kwenye kona usiyoona mbele, baki upande wako na uende kwa kasi inayokuruhusu kusimama ndani ya umbali unaoonekana. Barabara ikiwa ya gari moja, ndani ya nusu yake. Baada ya mvua, changarawe hukusanyika upande wa ndani wa kona, na chini ya miti lami hubaki na maji hadi mchana. Vyuma vya kuzuia mifugo vilivyolazwa barabarani vipite ukiwa umenyooka, bila kubana breki na bila kukata usukani.