EKV hawakuwa wapiga ramli

Jamani, leo tulimalize hili. Kila nikiweka mahali wimbo wa Ekatarina Velika (EKV), bendi ya rock ya Yugoslavia ya zamani, haipiti saa kabla mtu hajaniletea ule unabii: walijitabiria vifo vyao, wakatabiri na kuvunjika kwa Yugoslavia, sikiliza kiitikio! Nimekisikiliza. Kumiksi, yaani kupanga na kusawazisha sauti za vyombo studioni, ndiyo kazi yangu, na nimekisikiliza kwa spika ambazo bei yake siitaji hapa kwa sababu nyumbani wanasoma blogu hii.

Hoja yao inakwenda hivi. Albamu inaitwa Samo par godina za nas, imebaki miaka michache tu kwetu, na maneno hayohayo ndiyo kiitikio cha wimbo wenyewe, Par godina za nas. Ilitoka Belgrade mwaka 1989. Mwaka 1991, vita. Novemba 1994 Milan Mladenović, mwimbaji na mpiga gitaa, akafa kwa saratani ya kongosho. Bojan Pečar wa besi akafia London 1998, Margita Stefanović wa kinanda akafuata 2002. Halafu wanamwongeza Ivan Vdović, mpiga ngoma aliyefariki 1992, na hapo hesabu inanoga: bendi nzima imekwisha!

Vdović hayumo kwenye albamu hii. Alipiga kwenye ile ya kwanza ya 1984, bendi ikiitwa bado Katarina II. Ngoma za 1989 kapiga Srđan Todorović, ambaye baadaye alijikita kwenye uigizaji. Yumo hata kwenye Underground, ile filamu ya mwongozaji Emir Kusturica iliyoshinda tamasha la Cannes 1995. Sijawahi kuona mtu wa unabii akimtaja huyu. Aliyebaki hai anawaharibia hadithi. Na Margita alifariki miaka 13 baada ya albamu. Kama miaka 13 ni "michache", basi nami mwenye nyumba wangu asubiri kodi miezi michache.

(Na nyie wa "bendi iliyopigwa marufuku na wakomunisti", kwa ufupi tu: albamu ilitolewa na PGP RTB, lebo ya Redio na Televisheni ya Belgrade yenyewe, chombo cha serikali. Yugoslavia ilikosana na Stalin 1948, na mkutano wa kwanza wa nchi zisizofungamana na upande wowote ulifanyika hapohapo Belgrade 1961, yaani ukomunisti wake haukufuata amri za Moscow. Santuri za rock ziliuzwa madukani mchana kweupe. Tuendelee.)

Kinachoniudhi hasa ni kwamba unabii unaziba masikio. Mtu anasubiri kiitikio apate kusisimka, anapitwa na bendi yenyewe. Tangu Gagi Mihajlović alipoondoka baada ya albamu ya kwanza, hawa walibaki na mpiga gitaa mmoja, na huyohuyo ndiye anayeimba. Kwenye rock hilo ni tatizo. Mwimbaji akiegemea maikrofoni, mkono wake kwenye gitaa unapunguza mambo, na katikati ya miksi panabaki shimo. Bendi nyingi hulifukia studio kwa kurekodi gitaa lilelile mara mbili tatu, moja kushoto, jingine kulia, matokeo yake ni ukuta wa kelele ambao sauti ya mtu inabidi iupande. EKV walikuwa na Margita. Alisomea piano ya klasiki, akasomea na usanifu majengo, na kama unapenda kuunganisha hayo mawili, unganisha, mimi simo. Ninachokisikia ni mtu anayejua kunyamaza. Hamlalii mwimbaji kwa sauti nene muda wote. Milan akishusha pumzi mwisho wa mstari, ndipo kinanda kinaingia, kinasema lake, kinatoka. Kwa kuwa kinanda kimeshika nafasi yake huko juu, besi ya Pečar haihitaji kujaza chochote. Inaachiwa itembee, iimbe. Jaribu hili: sikiliza wimbo mzima ukifuata besi peke yake, mwimbaji umsahau. Ukimaliza, rudia kwa kinanda. Hapo ndipo pa kusisimka, na hakuna kaburi hata moja linalohusika.

Na maneno? Ni mstari mmoja unaorudi. Hautaji nchi wala vita. Milan na Margita walikuwa na miaka 30 hivi, umri ambao kila mtu anagundua kwa mshangao kwamba ujana una mwisho. Nyimbo zilizolalamika kwamba siku zinayoyoma hazina idadi, na wengi wa walioziimba walizeeka wakalea wajukuu. Hao hakuna anayewaita manabii.

Ila.

Sitajifanya nina uhakika wote. Mwaka 1989 mfumuko wa bei Yugoslavia ulivuka asilimia 1,000. Tarehe 28 Juni Slobodan Milošević, kiongozi wa Serbia, alihutubia umati mkubwa mno pale Gazimestan, Kosovo. Januari 1990 mkutano mkuu wa chama tawala ukasambaratika. Na Milan alizaliwa Zagreb, akakulia Sarajevo, akaishi Belgrade: leo hiyo ni miji mikuu ya nchi tatu. Siwezi kuapa kwamba hayo hayakuwamo kooni mwake. Mwaka 2006 wasikilizaji wa Radio B92 ya Belgrade waliuchagua wimbo huu kuwa bora kuliko nyimbo zote za nyumbani, na kila nikifikiria kura ile najiuliza walikuwa wanaupigia wimbo au wanawapigia marehemu. Mimi mwenyewe niliujua baada ya vifo vyote vitatu. Spika za bei yoyote hazinirudishii masikio ya mtu aliyeinunua santuri ile ikiwa mpya.

Lakini ukitaka kumwona Milan akikabiliana na vita, achana na 1989. Nenda 8 Machi 1992. Vita vimeshapita Kroatia, Bosnia ni mwezi mmoja tu mbele. Watu wa EKV na wa bendi nyingine mbili za Belgrade, Električni Orgazam na Partibrejkers, wamejikusanya kwa jina la Rimtutituki, wamepanda juu ya lori na vyombo vyao, wanazunguka barabara za Belgrade wakipiga wimbo wa kupinga vita, Slušaj 'vamo. Hakuna aliyehitaji kutabiri kitu; vijana walikuwa wanaitwa jeshini wiki ileile. Kimiksi wimbo ule ni vurugu tupu, na katika watu wote wa unabii hakuna hata mmoja aliyewahi kunitumia.